Mtoto Akikwama na Fizikia, Tusikimbilie Kumwita Mvivu

Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya malaria, kuhara, chanjo za watoto na lishe ya mama mjamzito. Safari hii tumeona yafaa tuongee juu ya daftari la Fizikia. Msishangae. Daftari hilo limewahi kutuletea mgonjwa hospitalini, na tusingependa lituletee wengine.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa binti wa kidato cha tatu, mwenyeji wa Mwankoko, hapa Singida. Jina lake tunalihifadhi. Alikuja akilalamika kichwa kinamuuma na mwili hauna nguvu. Tulimpima malaria, hakuna. Tukampa vidonge vya kutuliza maumivu, akaenda. Baada ya wiki mbili akarudi na maneno yale yale, nasi tukampa vidonge vile vile. Aliporudi mara ya tatu, mmoja wetu alifungua kadi yake na kuona kwamba mara zote tatu amekuja siku ya Jumatatu.

Tukamwuliza, "Mwanangu, Jumatatu mna nini shuleni?"

Akainamisha macho. "Fizikia, mama. Jumatatu tunakusanya mazoezi."

Hapo ndipo tulipofanya kazi tuliyopaswa kuifanya tangu siku ya kwanza, yaani kukaa chini na kumsikiliza. Kumbe kila Jumapili usiku alikaa na lile zoezi hadi saa saba, kwa mwanga wa taa ndogo, na saa kumi na moja alfajiri alikuwa tayari ameamka kuchota maji na kufagia uwanja. Asubuhi alikwenda shule bila kula. Mara nyingi zoezi lenyewe halikumalizika, akalipeleka likiwa na maswali mawili kati ya sita. Baba yake alikwisha kumwambia kwamba akileta tena alama za aibu, atakiona. Tulipompima damu tulikuta gramu 9 tu, wakati msichana wa umri wake asiye mjamzito anatakiwa kuwa na gramu 12 au zaidi katika kila desilita. Ndiyo maana kichwa kiliuma, na ndiyo maana miguu ilikuwa mizito.

Tulimwuliza angependa kuwa nani baadaye. Akatazama kofia na sare zetu, akasema, "Nilitaka kuwa nesi. Lakini nimeamua kuiacha Fizikia." Alikuwa hajui, na nyumbani kwao hapakuwa na wa kumwambia, kwamba vyuo vyetu vya uuguzi vinataka mwombaji awe amefaulu Baiolojia, Kemia na Fizikia. Binti huyu alikuwa anafunga kwa mkono wake mlango ule ule alioutaka kuuingia, kwa sababu ya damu pungufu, usingizi pungufu na hofu iliyozidi.

Tangu siku ile tumekuwa na maoni yetu juu ya jambo hili, na leo tunayasema wazi: mtoto anapokosa moyo wa kufanya zoezi gumu, mara nyingi huo si uvivu wala si upungufu wa akili. Ni dalili. Na dalili haichapwi viboko, dalili hutafutiwa chanzo.

KWA NINI FIZIKIA HUWACHOSHA WENGI

Tuanze kwa kukiri kwamba somo lenyewe ni gumu. Kumwambia mtoto "mbona ni rahisi" ni kumwongezea mzigo, maana akishindwa kitu kilicho rahisi atajiona yeye ndiye mbovu.

Ugumu wa kwanza ni lugha. Mtoto wetu anayesoma shule ya msingi ya kawaida husoma Sayansi kwa Kiswahili kwa miaka mingi. Akiingia sekondari anakuta Fizikia imeandikwa kwa Kiingereza. Basi swali moja linakuwa maswali mawili: kwanza aelewe limeuliza nini, pili ndipo alitafutie jibu. Wengi hushindwa swali la kwanza na kudhani wameshindwa la pili.

Ugumu wa pili ni kwamba Fizikia huchukua maneno ya kila siku na kuyapa maana nyingine. Chukua neno kazi. Mama wa Mwankoko akijitwisha ndoo ya lita 20 na kutembea nayo kilometa mbili kwenye njia tambarare, sisi sote tutasema amefanya kazi kubwa. Mwalimu wa Fizikia atasema kazi aliyoifanya kwa kuipinga nguvu ya mvutano wa dunia ni ile ya kuinua ndoo kutoka chini hadi kichwani tu. Maji yale yana kilo 20. Uzito wake ni kama nyutoni 200. Ukiyainua mita moja na nusu, umefanya kazi ya juli 300. Baada ya hapo, maadamu ndoo haipandi wala haishuki, hesabu ya kuinua haiongezeki hata juli moja. Tulipomweleza hivyo mama wa binti yule, alicheka sana, akasema, "Basi huyo mwalimu aje aibebe yeye." Alikuwa na haki ya kucheka. Mwili wake unachoka kweli, kwa sababu misuli hutumia chakula hata inaposhikilia tu mzigo. Lakini kwa kicheko kile alikwisha kuelewa sura nzima ambayo binti yake alikuwa akiililia. Kitabu hakikatai kwamba mama amechoka. Kinapima kitu kingine.

Ugumu wa tatu ni kwamba somo hili ni kama ngazi. Aliyekosa kuelewa darasa la nguvu na mwendo kwa sababu alilala na homa wiki mbili, hataelewa vizuri darasa la kazi na nishati linalofuata. Si kwamba amekuwa mjinga ghafla. Amekosa vidato viwili vya ngazi, naye anaambiwa aruke.

FIZIKIA IKO WODINI, NA IKO KIJIJINI

Watoto hutuambia, "Fizikia itanisaidia nini?" Ni swali zuri, na mzazi asilikasirikie. Sisi tunaishi nayo kila siku wodini.

Chupa ya dripu tunaitundika juu ya kitanda, wala hatuiweki sakafuni. Ni kimo cha yale maji kinacholeta msukumo wa kuyaingiza kwenye mshipa. Ukiishusha chini ya mkono wa mgonjwa, utaona damu inarudi kwenye mpira. Mgonjwa aliyevunjika paja tunamfungia kamba inayopita kwenye roda na uzito unaoning'inia miguuni pa kitanda, ili mfupa uvutwe na kunyooka. Shinikizo la damu tunalisoma kwa milimita za zebaki, hata pale ambapo kipimo chenyewe hakina tena zebaki. Vifaa vya upasuaji tunavitakasa kwa mvuke ndani ya otoklevu kwa nyuzijoto 121, kwa sababu maji yakichemkia kwenye sufuria ya kawaida hayafiki joto hilo.

Tena, hapa kwetu Singida hayafiki hata 100. Tunakaa kwenye uwanda wenye kimo cha mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa huku juu inakandamiza kidogo kuliko pwani, kwa hiyo maji huanza kuchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi. Ndiyo sababu maharage yanachelewa kuiva kwetu kuliko Dar es Salaam, hata kama kuni ni zile zile. Mama anayeijua siri hiyo ya maharage tayari ana sura moja ya Fizikia jikoni mwake.

Kijijini mifano imejaa. Maji ya visima virefu huvutwa juu kwa pampu kutoka ardhini. Mashine ya kukamua alizeti inakandamiza mbegu hadi mafuta yatoke. Upepo wetu wa Singida unaojulikana kote unapeperusha makapi ya uwele na kuiacha nafaka ianguke karibu, kwa kuwa kizito na chepesi havipeperushwi sawasawa. Mzazi asiseme, "Mimi sikusoma, siwezi kumsaidia." Anaweza kumpeleka mtoto kwenye mashine ya alizeti na kumwambia, "Nieleze hiki kinafanyaje kazi."

MTOTO WA TANZANIA ALIYECHEKWA

Sasa tuwasimulie habari ya kweli ambayo kila mtoto anayesoma Fizikia katika nchi hii angepaswa kuijua.

Mwaka 1963 katika Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto, palikuwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka kwenye friji. Nafasi ndani ya friji ilikuwa ndogo na ya kugombania. Siku moja Mpemba aliona mwenzake anaharakisha kuweka maziwa yake bila hata kuyachemsha. Akaogopa kukosa nafasi, akayaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi aliporudi, alikuta maziwa yake yameganda, na ya mwenzake bado ni uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wa Fizikia sababu. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Akanyamaza, lakini hakulisahau. Baadaye akakutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, akasikia kwamba wao pia huyaweka maziwa yakiwa ya moto ili yagande upesi. Akajua hakuota.

Alipoendelea na masomo ya juu ya sekondari huko Mkwawa, Iringa, aliliuliza tena darasani. Mwalimu akasema hiyo ni Fizikia ya Mpemba, si ile ya ulimwengu mzima. Kuanzia siku hiyo wenzake wakafanya maneno hayo kuwa mzaha, kila akikosea wakamtania nayo. Wasomaji, ni watoto wangapi wangeendelea kunyoosha mkono baada ya hapo?

Siku moja shule ilitembelewa na Dakta Denis Osborne, mhadhiri wa Fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati huo. Mpemba alisimama tena na kuuliza swali lile lile: ukichukua maji ya kiasi kimoja katika vyombo viwili, mengine yana nyuzijoto 35 na mengine 100, ukayaweka pamoja kwenye friji, kwa nini yale ya moto hutangulia kuganda? Wanafunzi wakacheka. Osborne hakucheka. Aliahidi kulijaribu, na aliporudi chuoni alilijaribu. Mwaka 1969 yeye na Mpemba walichapisha pamoja makala juu ya jambo hilo katika jarida la ualimu wa Fizikia la Uingereza. Tangu hapo wanasayansi wa dunia wameliita kwa jina la Mpemba.

Mpemba mwenyewe hakuwa mwanafizikia. Alisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi, akafanya kazi katika idara ya wanyamapori. Na jambo lake bado linabishaniwa. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kiliitisha shindano la kulieleza, wakajitokeza watu wapatao 22,000. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza wakaandika kwamba wao katika vipimo vyao hawakuona ushahidi wa kutosha kuwa maji ya moto hupoa upesi zaidi. Wengine wanashikilia kwamba hutokea, ila katika hali fulani tu.

Tunawasimulia haya kwa sababu mbili. Kwanza, mtoto aliyekwama aone kwamba hata wakubwa wa dunia wanaweza kukwama juu ya bakuli la maji kwa zaidi ya miaka 50, wala hawajioni wajinga. Pili, Mpemba hakuwa na mwujiza wowote. Alikuwa na swali moja, akalitunza kama mtu anavyotunza hati ya deni, mpaka akampata wa kulilipa. Kuuliza si ujinga. Kinachoua moyo wa mtoto ni kuuliza na kuchekwa.

YALE YANAYOUREJESHA MOYO

Wengi hufikiri kwamba moyo wa kusoma huja kwanza, kisha kazi ifuate. Sisi tumeona kinyume chake kwa wagonjwa wetu. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji haoni hamu ya kutembea. Tunamwinua, anapiga hatua tatu akilia. Kesho anapiga kumi. Keshokutwa anatembea mwenyewe hadi mlangoni na anatabasamu. Hamu ilikuja nyuma ya hatua. Ndivyo ilivyo hata kwa zoezi la Fizikia. Haya ndiyo tunayoshauri.

Kwanza, tumbo na damu. Ubongo unakula. Mtoto aende shule amekunywa uji, hata kama ni wa mtama mtupu, na ukiwa na maziwa au karanga ni bora zaidi. Kwenye chakula cha jioni weka mboga za majani, maharage au choroko, na dagaa au nyama ipatikanapo. Msichana aliyeanza kupata hedhi hupoteza damu kila mwezi, hivyo yafaa apimwe kiwango cha damu akionekana kuchoka ovyo. Asitumie vidonge vya kuongeza damu kwa kubahatisha, apimwe kwanza. Na chai isinywewe pamoja na mlo, kwani huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage.

Pili, usingizi. Wataalamu wanashauri vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kila usiku. Ni wakati wa usingizi ambapo ubongo hupanga na kuhifadhi yale yaliyosomwa mchana. Mtoto anayekesha hadi saa saba ni kama mtu anayemwaga maji kwenye gunia. Tunajua kazi za nyumbani zipo, na sisi tulizifanya. Lakini mzazi akiweza kumpunguzia kazi za alfajiri siku ambazo alichelewa kulala, atakuwa amemsaidia kuliko kumnunulia kitabu.

Tatu, macho na taa. Mtoto anayefinya macho akitazama ubao, au anayekaribisha daftari puani, alete hospitali apimwe macho. Kuna watoto walioitwa wazito wa kuelewa miaka mitatu, kumbe hawakuwa wanaona namba ubaoni. Koroboi pia huchosha macho na moshi wake ni mbaya kwa mapafu. Kama hakuna umeme, taa ndogo ya mwanga wa jua ni bora. Bora zaidi ni zoezi kuanza kufanywa mchana, jua likiwa bado lipo.

Nne, kidogo kidogo kila siku. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe na kuonyesha kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni, na kwamba kurudia kwa vipindi hushinda kurundika kwa mkupuo. Basi nusu saa kila siku ni bora kuliko saa nne za Jumapili usiku. Bandu bandu huisha gogo.

Tano, namna ya kulikabili swali lenyewe. Mtoto aandike kwanza swali limempa nini, pamoja na vipimo vyake: kilo ngapi, mita ngapi, sekunde ngapi. Kisha aandike limemtaka nini. Kisha achore, hata kama mchoro ni mbaya. Mara nyingi nusu ya jibu inaonekana hapo. Akikaa dakika 20 bila kusogea, ainuke, anywe maji, azunguke uwanja, arudi. Akikwama tena, asiandike tu "sijui". Aandike mahali hasa alipokwama: "Sijui kwa nini hapa tunagawanya." Swali la namna hiyo mwalimu analijibu kwa dakika mbili. "Sijui" halina dawa, kama vile mgonjwa anayesema tu "naumwa" bila kutuonyesha ni wapi.

Sisi wenyewe tulilijifunza hilo kwa taabu. Tulipokuwa chuo cha uuguzi kuna waliotoka machozi juu ya hesabu ya matone ya dripu. Mgonjwa apewe mililita 1,000 kwa saa 8, na mpira unatoa matone 20 kwa kila mililita. Ni matone mangapi kwa dakika? Tulitazama namba zile kama mtu anayetazama mlima. Siku tulipoambiwa kuandika kila kitu kwenye mstari wake, mlima ukawa ngazi: matone yote ni 20,000, dakika zote ni 480, kwa hiyo ni matone 42 hivi kwa dakika. Mpaka leo mikono yetu inaikokotoa hesabu hiyo usiku wa manane.

Sita, wenzake. Watoto watatu wakikaa pamoja, kila mmoja huwa amekosa kidato tofauti cha ngazi. Na anayemweleza mwenzake hujifunza mara mbili.

KWA WAZAZI NA WALEZI

Wapo watakaosema, "Sisi tulichapwa na tukasoma." Kweli, wapo waliochapwa wakafaulu. Lakini tuwahesabu pia waliochapwa wakaacha shule. Hao hawasimami mikutanoni kutoa ushuhuda. Hofu humfanya mtoto akimbie, na mwili unaojiandaa kukimbia hautulii kufikiri. Ndiyo maana huyo huyo aliyejua jibu jioni hulisahau mbele ya fimbo.

Wapo pia watakaosema, "Si lazima kila mtoto asome Fizikia." Tunakubali. Dunia inahitaji wakulima, mafundi cherehani na walimu wa Kiswahili. Mtoto aliyejaribu akiwa ameshiba, amelala na amesaidiwa, kisha akachagua njia nyingine, huyo amechagua. Lakini aliyeiacha kwa njaa, usingizi na woga hakuchagua. Amesukumwa nje. Ni huyu wa pili tunayemtetea.

Mzazi usiyejua Fizikia una kazi moja isiyohitaji cheti. Jioni mwambie mtoto, "Nieleze mlichosoma leo." Akieleza, uliza "kwa nini?" mara mbili. Akishindwa, usimcheke, mwambie, "Kesho ukamwulize mwalimu, uje uniambie." Na mwalimu naye tunamwomba, kwa heshima ya kazi yake ngumu na madarasa yake yaliyojaa, asimcheke anayeuliza. Huenda mbele yake ameketi Mpemba mwingine.

Zaidi ya hayo, mjue dalili za hatari. Mtoto akikosa usingizi au chakula kwa majuma mawili, akijitenga na wenzake, akilia bila sababu ya wazi, au akisema heri asingekuwepo, msingoje matokeo ya mtihani. Mleteni hospitali, au mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu, siku hiyo hiyo kama ametaja kutaka kufa. Wala msimwache peke yake. Hilo si jambo la kumkemea wala la kulionea aibu.

Na yule binti? Tulimpa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, tukamwita mama yake, na kwa ruhusa yake binti, tukamwita na baba. Baba alikuja amekunja uso. Tulipomwonyesha kile kipimo cha damu alikaa kimya, halafu akauliza, "Ina maana nilikuwa nampiga mgonjwa?" Hatukumjibu. Tangu wiki ile ndiye aliyechukua kazi ya kuchota maji alfajiri za Jumatatu.

Binti alianza kufanya zoezi na wenzake wawili, chini ya mti, kabla jua halijazama. Muhula uliotangulia alikuwa amepata alama 14 kati ya 100. Muhula uliofuata alikuja tena hospitali, siku ya Jumatano, akiwa hana kichwa kinachouma. Alikuja na karatasi imekunjwa mara nne.

"Shikamoo mama. Nimepata 37."

Ni alama ya D. Wapo nyumba ambazo D ingepokelewa kwa matusi. Sisi tuliiita wodi nzima. Bado ana kidato cha nne mbele yake, na bado Fizikia ni ngumu. Alituambia hivyo mwenyewe, akicheka. Lakini lile daftari hakulifunga, na mlango anaoutaka bado uko wazi.